Deki Zimeondolewa, na Macho Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Nimefika klabu mchana kujaribu spika, nikakuta deki zangu za kupigia CD hazipo! Zote mbili. Mezani kuna kibao cheusi, chepesi kama sinia, kimeungwa na laptop. Kontrola, meneja anaiita. Nyimbo zote eti zimo kwenye kompyuta. Halafu inataka wifi. Nikamwambia wifi ninaye nyumbani, dada wa marehemu mume wangu, na kelele zake zinatosha. Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Jumanne, 5 Machi
Siiwezi. Vidole havina shida – ni macho. Majina ya nyimbo kwenye kioo cha laptop ni sisimizi watupu. Nikiinama karibu yanageuka ukungu. CD nilizijua kwa kupapasa. Hii jalada lake lina plasta, ile nimelikata kona. Miaka yote hakuna aliyeshtuka! Daktari wa macho alishasema miwani haisaidii tena. Anayejua ni wifi peke yake. Meneja akijua, kazi sina.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekwenda na wifi. Akasimama nyuma yangu, ananinong'oneza majina ya nyimbo. Mambo yakaenda! Meneja akatutazama weee, akauliza huyu mama ni DJ au mkalimani. Jumamosi mwenye klabu anakuja kuona mtambo wake mpya, na hataki mtu wa pili pale mezani.
Njiani wifi akasema: "Mwambie meneja ukweli."

Ijumaa, 8 Machi
Nimemwomba meneja deki zangu hata kwa wiki moja. "Dada, zile zimeshauzwa." Basi.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika chooni, nimejifungia. Herufi kubwa kama za mtoto – sijui hata kama mstari umenyooka.
Mwenye klabu aliomba wimbo wa taratibu, amkumbuke mkewe. Nikabonyeza – ikatoka ngoma ya kurukaruka! Akadhani namtania. Akarudia, kwa upole. Nikabonyeza tena. Ileile! Hapo hakucheka mtu. Nikasema tumbo linaniuma, nikakimbilia huku.
Meneja anagonga mlango. Eti nitoke, jina la wimbo liko pale mezani kwenye kioo, nisome tu. Nisome tu!
Wifi naye amefika, namsikia: "Kaka, usimgombeze. Kuna jambo hulijui."
Wifi, nyamaza! Au sema. Jamani, sijui.
Wifi ananong'ona; nasikia neno "macho". Meneja ameacha kugonga.