Shahidi wa Pande Mbili

Jumatatu, 8 Septemba 1997

Nimechoka hoi. Natoka ghalani vumbi la kahawa mpaka puani, nakuta barua mbili za wito. Moja ya upande wa kampuni, nyingine ya upande wa Elpidius, mwenzangu waliyemfukuza kazi. Shahidi ni mimi! Huku mimi, kule mimi. Baraza la usuluhishi linakaa tarehe 17, hapahapa Kayanga. Mke wangu Laurensia kauliza nitasema nini. Nimemwambia alete chakula.

Alhamisi, 11 Septemba

Meneja, Bwana Rwegasira, kaniita ofisini. Maelezo yangu kishayapiga chapa — eti mimi, Ildefonsi Mbonimpa, Jumamosi tarehe 2 Agosti nilimwona Elpidius akipokea magunia arobaini ya kahawa isiyokauka, ile iliyoota kuvu ghalani. Nitie sahihi tu. Nikasema ngoja nisome kwanza. Akacheka. Halafu akauliza, taratibu, kama karatasi zangu za uraia ziko sawa, maana siku hizi wanakagua sana. Nimezaliwa Rugu mimi, hapahapa wilayani! Aliyetoka Burundi ni baba.

Nikatia sahihi.

Jumamosi, 13 Septemba

Acha niandike ukweli, angalau humu. Siku ile zamu ilikuwa ya Elpidius, lakini hakuwepo. Alikwenda Igurwa kumzika baba mkwe, bila ruhusa ya maandishi. Mimi ndiye niliyemwambia nenda, nitakusainia. Tumesainiana miaka yote, ghala zima hufanya hivyo. Nikaandika jina lake kwenye mahudhurio, na kwenye kitabu cha mapokezi pia. Kahawa nilipokea mimi. Buni huwa tunaing'ata. Ikivunjika kwa mlio, imekauka. Nami fizi ilikuwa imevimba shavu zima! Nikapapasa kwa mkono, nikasema haya, pita. Arobaini yote.

Leo Elpidius kanikuta sokoni. Hakufoka. Kasema, sema ulichofanya, Mbonimpa, sikuombi zaidi. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 14 Septemba

Misa sikuisikia. Laurensia kanikumbusha kwamba nikifukuzwa, chumba hiki cha kampuni tunatoka siku hiyohiyo, watoto sita na vyungu vyao. Kibanja cha kulima migomba hatuna. Nikamfokea kama yeye ndiye aliyeyaleta haya. Roho inanisuta kila upande. Natamani tarehe 17 ipite nikiwa mgonjwa.

Jumatano, 17 Septemba, saa tano

Naandika kwenye benchi la nje. Baraza limekwenda kunywa chai.

Nimeapa kwa Biblia. Mwenyekiti, mama mmoja mtulivu, kanionyesha kitabu cha mapokezi — hii sahihi ni ya nani? Nikainama kukitazama kitabu. Rwegasira kanikodolea macho. Mama akarudia swali. Nikageuza ukurasa, nikaurudisha, mpaka watu wakaanza kukohoa.

Mara Elpidius kasimama. Ni yangu, mama, kasema. Nilikuwepo. Msimsumbue huyu.

Mwenyekiti kamuuliza kama anajua kwamba anaua shauri lake mwenyewe. Kasema anajua.

Nimemfuata huku nje. Elpidius, umerukwa na akili? Kanijibu bila kunitazama. Kumbe juzi mke wangu alikwenda nyumbani kwa Elpidius kule Igurwa, akawapigia magoti yeye na mkewe Xaveria, akalia mpaka wakamwinua. Mimi nina migomba, Mbonimpa, kasema. Wewe una nini?

Laurensia! Na asubuhi hii kanipigia pasi shati, hakutamka neno. Sijui nimshukuru au nimgombeze. Mwenzangu nimemla mzima, na bado ananihurumia yeye.

Karani katoa kichwa mlangoni. Shahidi arudi — mwenyekiti anataka nithibitishe, kwa kiapo kilekile, kama aliyosema Elpidius ni kweli. Elpidius kaninyooshea mkono niinuke. Haya, twende, anasema, tusiwachoshe watu.

Karani anaita tena. Bado naandika.