Ukoka Mferejini

Jumatatu, 3 Julai 1972
"Ukoka hauna madhara, unashika udongo." Kauli ya Bwana Shamba mkutanoni leo. Upuuzi! Mzungu aliupanda mbele ya nyumba yake apate kukanyaga kijani. Akaondoka, nyumba ikawa ofisi ya huyu Bwana Shamba, ukoka ukabaki bila bwana. Umepita uani, umevuka barabara, sasa uko kwenye maharage yangu. Unashika udongo, ndiyo, kama mgambo anavyoshika mtu. Nimemwambia hivyo mbele ya watu. Wamecheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 8 Julai
Zamu yangu ya maji. Nimelima tangu alfajiri kwa hasira. Nimeukatakata kwa jembe, nikautupa wote mferejini uende zake. Mgongo unauma. Nimeshinda.

Alhamisi, 27 Julai
Umerudi. Mzito kuliko mwanzo. Nimeandika barua kwa gazeti juu ya uzembe wa Bwana Shamba. Kurasa nne, kali. Bado sijaituma.

Ijumaa, 18 Agosti
Dada yangu Elizabeti kaniita shambani kwake bondeni. Mjane, watoto watano, na viazi vile ndivyo chakula chao.
"Shikamoo kaka. Njoo uone wageni."
Ukoka, katikati ya matuta. Nikaanza kumlaani Bwana Shamba.
"Hotuba baadaye, kaka. Inama ung'oe."
Nikainama. Nikaona. Umeota kwa mstari, unafuata maji. Pasipofika maji, hakuna hata jani. Na ofisi iko ng'ambo ya kilima, maji yake hayaji huku. Yanayokuja huku yanapita kwangu.
Nikang'oa mche mmoja. Kipande kifupi, kimekatwa kwa jembe pande zote mbili. Kila fundo lina mizizi.
Nikakificha mfukoni, nikaendelea kung'oa.

Jumamosi, 19 Agosti
Nimeufuata mfereji hadi mwisho wake. Uko kila shamba. Uko kwenye shamba la ujamaa pia. Wataniita adui wa kijiji, na safari hii itakuwa kweli. Lakini hilo si kubwa. Elizabeti aliuliza jana, kama mtu anayeuliza saa: "Viazi vikisongwa hivi, watoto watakula nini?" Naogopa swali hilo kuliko mkutano wowote.

Jumapili, 20 Agosti
Baada ya ibada nimemwambia Elizabeti yote. Alikaza kanga kiunoni.
"Kesho uje mapema. Kalamu uiache."
Ile barua nimeigeuza. Nyuma yake nimeandika tangazo, asubuhi nitalibandika pale tunapogawana maji:
Ninyi mnaomwagilia kwa mfereji huu: ukoka niliutupa mimi. Fungeni maji. Msiukate kwa jembe, kila kipande kitaota. Ung'oeni na mizizi, uanikeni juu ya mawe mpaka ukauke kabisa, kisha uchomeni. Anzeni kwa Elizabeti. Kwangu njooni mwisho.