Nilisema Gari Haliwezi Kuwaka

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijarukwa na akili, maana tangu Jumanne naunganisha waya za taa kwenye honi, na mimi ni fundi umeme wa magari, mikono hii ndiyo inayonilisha. Hapa gereji wananiita Daktari kwa sababu gari likishindikana kwingine kote huletwa kwangu, na jina hilo, Shangazi, ndilo lililoniponza.

Yuko mama mmoja mwenye duka la dawa, na dereva wake ni mzee ambaye tunamwita Mzee Breki kwa kuwa huanza kukanyaga breki taa ikiwa bado ya kijani, mtu mpole asiye na makuu, na ndiye aliyeniletea wateja nilipofungua gereji sina hata jeki, akiwaambia madereva wenzake, "Nendeni kwa yule kijana, ana mkono." Miezi mitatu iliyopita mzee aliosha injini kwa maji ya presha, maji yakaingia kwenye kompyuta ya gari, ile inayoiamuru injini, ikaungua, bosi wake akamfokea mbele ya wateja, na mzee akaja kwangu gari likivutwa kwa kamba akaniambia, "Mwanangu, nisitiri."

Nikatafuta kompyuta ya mtumba ya aina ileile, nikaifunga, gari likagoma. Shangazi, magari ya siku hizi yana kinga ya wizi iitwayo imobilaiza, yaani ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo, na ukizungusha swichi kompyuta huiuliza chipu wewe nani, isipoitambua injini haiwaki hata uiimbie. Sasa kompyuta ya mtumba huja inazikumbuka funguo za gari ilikotoka, kwa hiyo lazima uitambulishe kwa funguo za hapa, kama mke mgeni anavyotambulishwa kwa mawifi, na mimi nikahangaika nayo siku mbili mashine yangu ya kusomea kompyuta za magari inakataa, yule mama anapiga simu kila saa, nikaona aibu kusema imenishinda, basi nikafanya ambacho baadhi yetu mafundi hukifanya kimyakimya, nikaingia ndani ya ile kompyuta nikaizima kinga yote. Tangu hapo gari likawa linawaka kwa kipande chochote cha bati kinachoingia kwenye swichi na kuzunguka. Kile kitaa chenye picha ya ufunguo kwenye dashibodi kikawa kinapepesa, nikakiziba kwa utepe mweusi kwa ndani.

Mama akaniuliza, "Fundi, na usalama wake uko kama zamani?" Nikamjibu, "Kama lilivyotoka kiwandani, mama." Mzee Breki alinishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia upesi.

Jumanne saa sita mchana gari likaibwa mbele ya duka. Mzee alikuwa anaingiza maboksi ya dawa, dakika kumi tu, ufunguo uko mfukoni mwake, na wa pili uko kwenye mkoba wa bosi. Alipotoka akakuta gari halipo, hata kivuli chake. Polisi wakasema gari la namna ile haliibiki bila ufunguo, kwa hiyo lazima mzee alimpa mtu aunakili, na bosi akakumbuka ile injini iliyooshwa akasema huyu alianza zamani kunihujumu. Wakaniita kituoni mimi kama mtaalamu. Mzee Breki amesimama kando ya kaunta hana mkanda hana viatu, aliponiona akatabasamu, kweli Shangazi, akatabasamu kama mtu aliyeletewa ndugu yake.

Askari akaniuliza, "Fundi, gari hili linaweza kuwaka bila ufunguo wake?"

Ulimi ukanitangulia. Nikasema, "Haliwezi, afande." Nikaandika maelezo, nikatia sahihi. Mzee akasema taratibu, "Basi kama fundi amesema haliwezi, mimi sijui nimekosea wapi." Ameniamini, Shangazi! Ananiamini mimi kuliko anavyoiamini mifuko yake!

Jana mkewe alikuja gereji akakaa kwenye tairi, akaniambia, "Baba watoto anasema wewe ndiye unayelijua lile gari, ukiwaeleza watakuelewa." Nikamwambia nitaona cha kufanya. Ile kompyuta iliyoungua bado iko kwenye droo yangu, na hiyo droo siwezi kuifungua. Nikisema ukweli gereji imekufa, huenda nikafungwa mimi, na kuna magari mengine matano niliyoyafanya vilevile. Rafiki yangu mmoja anasema nitulie, polisi wenyewe watamwachia kwa kukosa ushahidi. Je, niwe na subira?

Ni mimi, Daktari Asiye na Dawa.

*

Marahaba, Daktari, ingawa leo naiitikia kwa shida.

Nimesoma barua za watu miaka mingi, nikadhani hakuna kitakachonishtua tena. Nilipofika pale "Haliwezi, afande" nilivua miwani nikaiweka mezani. Halafu nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa sababu ya barua: niliondoka ofisini nikashuka hadi kwenye maegesho. Gari langu lilibadilishwa kompyuta mwaka jana, kwa fundi mwingine, si wewe. Nina ufunguo wa bati tupu usio na chipu, nilichongesha wa kufungulia mlango tu kwa kuwa mimi ni msahaulifu. Nikauchomeka kwenye swichi, nikazungusha.

Likawaka.

Mwanangu, nilikaa ndani ya gari langu mwenyewe, naliogopa. Mwaka mzima nimekuwa nikiliacha barabarani nikijisifu kwamba halina mwizi. Kumbe mmetuachia milango wazi, halafu mkatuambia lala salama!

Nakuonea huruma, usidhani sikuonei. Kazi huweza kumshinda mtu yeyote, na aibu ya fundi mbele ya mteja naifahamu. Lakini mzee alikuambia nisitiri, nawe ukamsitiri mahabusu. Ulikuwa na neno moja la kumtoa, ukalitumia kumfungia. Usiniambie ulimi ulitangulia. Ulimi hautii sahihi.

Unaniuliza kuhusu subira. Subira huvuta heri kwa anayesubiri mwenyewe, si kwa aliyesubirishwa. Wewe unasubiri kwenye stuli yako, yeye anasubiri kwenye sakafu ya saruji, hana viatu. Na huyo rafiki yako mwambie ushahidi haukosekani. Ushahidi ni maelezo yako, yako kwenye faili, na kila siku unayonyamaza unayathibitisha upya.

Sasa nisikilize. Fungua hiyo droo. Chukua kompyuta iliyoungua, chukua na mashine yako, kama imehifadhi kumbukumbu ya kazi ile itasema yenyewe. Mtafute wakili, hata wale wa msaada wa bure wapo, ukimkosa fuatana na mtu mzima anayeheshimika. Nenda kituoni useme umekuja kubadilisha maelezo yako: kwamba kinga uliizima kwa mkono wako, kwamba gari lilikuwa linawaka kwa ufunguo wowote, na kwamba mzee hakujua. Utaje na ule utepe mweusi, gari likipatikana wautafute. Usianze sentensi hata moja na "lakini". Yawezekana wakakuweka ndani. Sitakudanganya, wewe umeshadanganya watu wa kutosha. Ila mtu anayejipeleka mwenyewe husikilizwa tofauti na anayefuatwa.

Wakikuruhusu kutoka, nenda kwa mama wa duka la dawa, umwambie mbele ya wateja walewale waliosikia mzee akifokewa. Halafu wapigie simu wale wenye magari matano. Wote, siku hiyohiyo. Wamwone fundi anayeweza kuirudisha kinga, na asiwe wewe.

Jina la Daktari usililie. Daktari wa kweli husema ugonjwa huu umenishinda, nakuandikia barua uende kwa mwingine. Ungeisema sentensi hiyo miezi mitatu iliyopita, mzee wa watu leo angekuwa barabarani anakanyaga breki taa ikiwa ya kijani.

Neno la mwisho. Gazeti hili hutoka mara moja kwa wiki, na wewe ulilijua hilo ulipolichagua. Nimeipiga namba uliyoandika nyuma ya bahasha mara nne, hupokei. Jina la kituo hukuandika wala la mji, ningelijua ningekwenda mwenyewe kwa miguu. Kwa hiyo nakuambia hapa, mbele ya wasomaji wote: kituo unakijua, na njia unaijua.

Mbona bado unasoma?