Sindano ya Siku ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Maji, jerikeni mbili. Nguo. Kliniki. Miguu imevimba tena.
Sista amefunga mlango kwanza, ndipo akaniambia. Damu yangu ina homa ya ini B. Mtoto anaweza kuipata kwangu wakati wa kuzaliwa, kwa hiyo achanjwe mapema, kabla ya saa ishirini na nne kwisha. Hapa Kakuma kituo chetu kina chanjo za wiki sita tu. Ya siku ya kwanza iko Lodwar.
Mama yangu alikufa macho yakiwa manjano, tumbo limejaa maji. Tulisema amerogwa. Tukamfukuza jirani. Nina aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia mume wangu. Ekai alikaa chini, akauliza kama naumwa. Siumwi. Yeye huleta samaki kutoka Kalokol na hupitia Lodwar, atainunua huko kwa duka la dawa. Sista alisema ikae kwa baridi. Ekai akacheka.
"Nabeba samaki kwa hili jua miaka mitano, hata mmoja hajanuka. Kichupa ndio kitanishinda?"
Nikacheka pia.

Jumapili, 9 Machi
Ekai amefika. Kichupa kiko ndani ya boksi la samaki, katikati ya barafu, na barafu ameitia chumvi ili baridi izidi. Nimekishika, vidole vikauma. Nikafurahi. Sista leo hayuko, tutampa kesho.
Kiuno kinauma.

Jumatatu, 10 Machi
Msichana. Saa kumi na moja alfajiri, kituoni. Nampenda mpaka naogopa.
Sista alifungua boksi, akainua kichupa kwenye mwanga. Kigumu kama jiwe.
"Baba, nani aliweka chumvi?"
Ekai akainua mkono kama mtoto wa shule.
"Hii imekufa. Joto linaiua, na kuganda pia kunaiua."
Akaitupa. Baridi, tuliambiwa. Kiasi gani, hakuna aliyesema.
Tulipita nyumbani kuchukua shuka, twende Lodwar. Mama Ekai, mkwe wangu, akaketi mlangoni. Kwetu mzazi hatoki na mtoto mpaka kitovu kidondoke.
"Ulienda kuzaa kwa watu wa serikali, nikanyamaza. Sasa umeingia ndani. Hutoki."
Ekai hawezi kumruka mama yake. Alisimama nje akichora mchanga kwa kidole cha mguu. Nilimchukia. Mchana ukaisha hivyo. Nimeomba. Nimelia. Jioni nikamweleza mama Ekai macho ya mama yangu. Tumbo. Hata yule jirani. Akabaki mlangoni.
Giza. Barabara ile usiku haipitiki kwa usalama. Saa zinakwisha na mtoto amelala tu.

Jumanne, 11 Machi
Kabla ya jua mama Ekai aliniamsha. Akachukua ngozi ya mbuzi aliyolalia mtoto, akamfunika nayo kichwa mpaka miguu.
"Huyu hajatoka nje. Tunabeba nyumba."
Akambeba mwenyewe. Mimi bado natoka damu. Gari la samaki, tupu, linanuka.
Lodwar saa mbili asubuhi. Nesi alihesabu kwa vidole. Saa ishirini na saba. Akahesabu tena.
Nikamwambia, sema.
"Mmechelewa, mama. Bado inasaidia. Lakini jana ingesaidia zaidi."
Sindano pajani. Mtoto alilia kidogo tu. Mama Ekai ndiye aliyegeuka ukutani. Nesi amesema ninyonyeshe, maziwa hayana shida.

Jumatatu, 17 Machi
Kitovu kimedondoka. Mtoto amepata jina la mama yangu, Akiru.
Sindano nyingine ni wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne. Damu yake itapimwa akikaribia mwaka. Mpaka hapo sitajua. Kila asubuhi naangalia macho yake, ingawa sista alisema macho ya mtoto hayawezi kuniambia.
Ekai amepimwa. Hana. Amechanjwa. Mzaha wa samaki ameacha.
Mama Ekai hajui kusoma kadi. Amefunga mafundo sita kwa kamba ya mbuzi, fundo moja kwa kila wiki mpaka sindano ijayo, akaitundika mlangoni pale alipokuwa ameketi.
Leo amefungua moja.