Ukuta wa Mviringo

Kamachumu, Muleba
9 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Celina,

Shikamoo. Unaendeleaje huko Mtwara, na goti limepata nafuu? Sisi tu wazima. Kahawa imeanza kuiva, na Mama hatoki shambani.

Nakuandikia badala ya kupiga simu ili uuone mchoro nilioambatanisha. Ni chumba cha kusomea cha shule ya kijijini, kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo cha ujenzi.

Kile kitabu cha majengo ulichonitumia kina picha ya maktaba ya mviringo, mwanga unashuka kutoka juu. Nilipoiona nikakumbuka msonge wa bibi, ile nyumba yake ya mviringo ya nyasi. Basi nikachora ukuta wa matofali ya kuchoma, paa la bati lenye ncha, na dari ya matete.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee Gozbert, hakutaka kusikia. "Tumehangaika kutoka kwenye nyumba za nyasi, wewe Kokugonza unaturudisha?"

Nikamwambia, "Mzee, naomba wiki moja tu. Ukuta usipokaa sawa, nitachora chumba cha pembe nne."

Wajumbe wakakubali.

Shangazi, siku ya tatu ukuta ulinishinda. Mapengo kati ya matofali, upande wa nje, yalizidi upana wa kidole. Fundi Lameki akanishauri tuzibe kwa lipu, nani atajua? Nilitamani, sikufichi. Lakini watoto watakaa chini ya ukuta ule. Tukaubomoa wenyewe, watu wanatoka sokoni wanatuona, wengine wanacheka.

Nikarudi kwenye kitabu, safari hii nikasoma maneno, si picha tu. Kumbe kwenye mviringo matofali hulazwa kichwa, ule upande mfupi, kikitazama nje, si ubavu. Tukaanza upya, Lameki akipima kila tofali kwa kamba iliyofungwa kwenye kigingi katikati.

Siku ya saba mzee Gozbert alikuja na timazi yake mwenyewe ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Akauzunguka ukuta, akipima kila baada ya hatua mbili. Alipomaliza akauliza, "Mlango unatazama wapi?"

"Barabarani, mzee."

"Utazame shuleni. Watoto watatokea huko."

Nimeuhamisha. Jumatatu tunapandisha mbao za paa, na sishuki mpaka bati la mwisho lipigiliwe.

Mama na kaka Mujuni wanakusalimu sana. Nisalimie dada Annastella na wanawe. Mungu akuzidishie amani nyumbani mwako.

Mwanao akupendaye daima,
Kokugonza