Chumba cha Watu Wawili Ukingoni mwa Kreta

Qurus, Karatu
14 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Hosiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Habari za Manyoni? Goti lako linaendeleaje, na shemeji Thomasi anakunywa dawa zake au bado mnavutana? Mimi ni mzima, ila baridi ya mwaka huu imeninyoosha. Mahindi tumeshavuna. Nyumba iko kimya kama ulivyoiacha tulipomzika Baba Vumilia.

Umeniuliza ile hoteli aliyonilipia mwanangu Vumilia ikoje, kwa kuwa amekuahidi kukulipia na wewe Desemba. Ningekujibu kwa simu, lakini mengine kwenye simu hayatoki.

Kwanza, usibebe blanketi kama mimi. Utapokelewa na kitambaa cha moto cha kujifuta uso na glasi ya juisi, kisha utapakiwa kwenye kigari cha umeme, maana kutoka mapokezi hadi chumbani ni mwendo. Chumba chenyewe kinameza nyumba yangu pamoja na banda la ng'ombe. Ukisimama barazani unaiona kreta yote kule chini, na nyati wamekuwa wadogo kama siafu. Giza likiingia usitoke bila askari, wanyama wanapita hapohapo.

Halafu usitandike kitanda. Mimi nilitandika, nikafua na kitenge changu nikakianika barazani. Kijana wa usafi, Lazaro, akaja kwa unyenyekevu kuniuliza amekosea wapi. Nikamwambia ni mazoea tu. Kesho yake nilikaa mikono mapajani namtazama akifanya kazi, nikaona aibu kweli.

Chakula ni kingi hadi kinakera. Unajipakulia mwenyewe, meza nzima ya nyama, nyingine ya keki. Ila utakula peke yako. Wageni wengine wamekaa wawili wawili. Nilimwomba binti anayehudumu, Bibiana, mtoto wa Mbulu, avute kiti tule wote, maana tulikuwa tunaongea Kiiraqw vizuri tu. Akaniambia, "Bibi, nikikaa hapo nafukuzwa kazi." Akabaki amesimama nyuma yangu. Hosiana, chakula kinashukaje huku mtoto wa watu amesimama?

Sasa nikuambie lililoniuma. Ujumbe wa hoteli alioutuma Vumilia kwenye simu kubwa ya jirani yangu Josephati ulisema chumba cha watu wawili. Nikajua tu mtoto anakuja, anataka kunishtukiza. Miaka sita hajakanyaga hapa. Hata mazishi ya baba yake aliyaona kwenye simu akiwa hukohuko Kanada. Basi nikagandisha maziwa kwenye kibuyu, nikayabeba, si unajua anavyoyapenda.

Mapokezi wakaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema yuko njiani. Nilivaa gauni la kanisani, na kila gari lililoingia nilisimama. Jioni wakaweka chupa za maji ya moto kitandani, moja kila upande. Ile ya upande wa pili ilipoa bila mtu.

Kesho yake nikamwomba binti wa mapokezi anitazamie mgeni wangu anafika saa ngapi. Akaangalia kompyuta, akaniambia kwa upole kwamba jina lililomo ni langu tu, na kwamba vyumba vyao vyote ni vya watu wawili. Maziwa nikampa Bibiana.

Asubuhi ya kuondoka Vumilia akapiga kuuliza kama nimepumzika. Nikasema hoteli ni nzuri, Mungu ambariki. Akasema basi mwakani atanilipia tena, nikae zaidi. Hapo nikashindwa kunyamaza.

"Mwanangu, mimi sikuchoka. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nikasikia anavuta pumzi, kisha akasema anaitwa kazini. Hajapiga tena hadi leo, nami naogopa kumpigia.

Kwa hiyo nakuomba, wewe mama yake mdogo. Akikuuliza Desemba uende tarehe ngapi, usimtajie tarehe. Mwambie utaenda siku atakayofika yeye. Usiseme nimekutuma. Mimi nikimwambia nitalia, na akisikia nalia atanitumia hoteli nyingine.

Nisalimie shemeji, na Penina na watoto wake wote. Mungu akutunze, akuponye goti.

Dada yako akupendaye na kukukumbuka,
Evarista