Hoda Amesema, Shangazi Anataka Anyamaze

Salaam aleikum, Mshauri. Mimi ni mama wa Kiwanjani, naomba unisaidie maana nina furaha na hofu kwa pamoja, binti yangu Hoda, wa miaka kumi na mitatu, aliacha kusema kabisa tangu wezi wa mifugo walipompiga risasi adeer yake Mahamud, mdogo wa mume wangu, huko Burat, na Hoda alikuwa hapo, amejificha nyuma ya tanki la maji, akaona yote. Tulimsomea Kurani, tukambembeleza, tukamgombeza, akabaki kimya, mpaka mwalimu wake akatutuma hospitali kwa mwanasaikolojia wa watoto, Ntinyari, nami nilidhani atampa dawa, kumbe alimpa udongo, wakakaa chini wakifinyanga mbuzi na ngamia, bila kumwuliza kitu.

Baadaye akatuita sisi wazazi, akauliza kama marehemu hutajwa nyumbani, nikasema hapana, mume wangu Abdiladif hataki kulisikia jina hilo kwa uchungu. Akamwomba alitaje hapo, mbele ya mtoto. Mshauri, mume wangu anauza ngamia, hatujawahi kuona chozi lake, lakini aliposema "Mahamud" alilia, na Hoda akaweka udongo chini, akamshika mkono, akasema, "Baba, adeer aliniambia nisitoke. Ningetoka, ningemsaidia."

Mume wangu akamwambia, "Ulimtii. Ndiyo maana niko na wewe leo."

Sasa anaongea, anacheka, anabishana nami juu ya vyombo, na Ntinyari amemwalika kwenye kikundi cha vijana waliofiwa, kila Jumamosi, mwenyewe anataka sana, lakini wifi yangu Fahmo anasema ameshapona, tukiendelea ataitwa kichaa na hataolewa, na mume wangu ameanza kusita. Sitaki kuvunja undugu. Nifanye nini?

Naimo

Waaleikum salaam, Naimo. Pole kwa msiba, na hongera. Mmerudishiwa mtoto, na mlifanya kazi kumrudisha, wewe, mumeo na Hoda mwenyewe.

Sasa nikukaripie. Mtoto ametoka kwenye kimya kile, nawe unaniuliza kama umrudishe kwa kuogopa maneno ya watu? Kuongea ni mwanzo wa kupona. Lini inatosha, hilo ataamua Ntinyari pamoja na Hoda. Na habari za kuolewa ziwekwe kando, huyo ni mtoto wa shule.

Lakini Fahmo usimfanye adui. Mahamud alikuwa kaka yake pia. Nani amemuuliza anaendeleaje? Mumeo aende kwake, yeye na si wewe, wanywe chai, na aanze kwa kumtaja ndugu yao. Aliweza mbele ya binti yake, ataweza mbele ya dada yake. Fahmo akilia, amwache alie. Akitaka kuonana na Ntinyari, mumpeleke.

Jumamosi toka na Hoda mchana kweupe, mpite katikati ya soko. Mkiulizwa mnakwenda wapi, wewe nyamaza, mwache Hoda ajibu.